Kocha Mpya Akianza kwa Ushindi, Watazame Kwanza Wale Watano wa Mbele

Mashabiki wa futiboli ya vyuo vya Marekani wana homa ya Septemba: kocha mkuu mpya akishinda mechi tatu, wameshaanza kuota kombe. Dawa yake ni timu ya Chuo Kikuu cha Colorado ya mwaka 2023. Timu ilikuwa imetoka msimu wa ushindi 1 na vipigo 11. Akaja kocha Deion Sanders, akavunja kikosi, akaleta wapya zaidi ya 80, na mechi tatu za mwanzo akazibeba zote: TCU 45-42, Nebraska 36-14, Colorado State 43-35 baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Msimu ukaisha kwa ushindi 4 na vipigo 8.

Kwa hiyo andika majina ya waliofungwa, kisha uyarudie mwisho wa Novemba. TCU ilionekana mnyama kwa sababu Januari ileile ilicheza fainali ya taifa. Lakini TCU, Nebraska na Colorado State wote watatu walimaliza na ushindi 5 na vipigo 7, pungufu ya ule ushindi wa mechi 6 unaoipa timu mechi ya ziada baada ya msimu.

Kipimo chenyewe kiko kwenye safu ya mbele. Mpira ukianzishwa usiufuate. Macho yabaki kwa wale watano wanaomkinga kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, uhesabu moja, mbili, tatu. Wa pembeni akishageuza kiuno na kukimbia nyuma ya mtu wake, amepitwa. Wawili wakimng'ang'ania mpinzani mmoja huku mpinzani mwingine anapenya katikati bila kuguswa, hapo tatizo si nguvu, hawajazoeana. Hiyo ndiyo kasoro ya safu iliyonunuliwa kwenye dirisha moja la uhamisho. Mdaka pasi mgeni anaweza kung'aa wiki ya kwanza. Watano hawa wanahitaji miezi ya kujua nani anamwachia nani wapinzani wakibadilishana njia. Shedeur Sanders, kwotabeki na mtoto wa kocha, aliangushwa kabla ya kurusha pasi mara 52 msimu ule, na mechi ya mwisho hakucheza kwa maumivu ya mgongo.

Halafu fungua takwimu za yadi za kukimbia na mpira. Colorado ilishika mkia daraja zima la juu, chini ya yadi 70 kwa mechi. Ila usiimeze namba hiyo kavukavu: kwenye vyuo, yadi anazopoteza kwotabeki akiangushwa hukatwa kwenye za kukimbia, wakati NFL, ligi ya kulipwa, huzikata kwenye pasi. Ugonjwa mmoja unaonekana mara mbili.

Kocha akianza kuhamisha kazi benchini katikati ya msimu, usitarajie miujiza. Novemba Sanders alimpokonya Sean Lewis jukumu la kuita mashambulizi, yaani kuchagua mbinu ya kila shambulizi, akampa Pat Shurmur. Mechi nne zilizobaki zote zikapotea. Mwitaji alibadilika, ukuta ulikuwa uleule.

Linganisha na Chuo Kikuu cha Indiana cha 2024. Kocha wao mpya Curt Cignetti naye alisajili kwa wingi, ila alitoka chuo cha James Madison na wachezaji 13 pamoja na wasaidizi wanaoongoza ushambuliaji na ulinzi. Lugha ya mazoezini ilikuja imeshakomaa. Timu ikapanda kutoka ushindi 3 hadi 11.

Hata hivyo Ohio State iliwalaza 38-15, na humo mna somo ambalo wengi hulipita: timu maalumu, yaani kikosi cha mateke. Mpigaji wa Indiana mpira ulimponyoka karibu na goli lake kabla ya mapumziko, na kipindi cha pili teke jingine likarudishwa yadi 79 hadi tachidauni, bao la kuufikisha mpira eneo la mwisho. Wiki iliyofuata waliipiga Purdue 66-0. Mechi ya baada ya kipigo cha kwanza itazame kwa makini kuliko zile za mwanzo. Na kipigo chao cha mtoano mbele ya Notre Dame, 27-17, kisome pamoja na saa: ilikuwa 27-3 mpaka zimebaki chini ya dakika mbili.