Ukiripoti kambini na gari lako: niliyojifunza getini na ndani ya uzio

Siku niliyoripoti kambini kwa mara ya kwanza nilifika getini saa nne usiku, nimechoka, taa kubwa zinawaka na redio iko juu. Askari wa zamu akaninyooshea mkono nisimame. Nikasimama, na kwa kuwa nilitaka kuonekana mtu mwepesi na mwenye adabu, nikainama haraka kufungua kisanduku cha dashibodi nitoe barua yangu. Nikasikia sauti kali: "Mikono kwenye usukani! Usiguse kitu!" Mwenzake, ambaye sikuwa nimemwona kabisa, alikuwa ameshajibanza nyuma ya ukuta wa zege. Baadaye, karatasi zangu zilipokwisha kukaguliwa, yule askari aliniambia kwa upole maneno ambayo nimemwambia kila mgeni niliyempokea tangu usiku ule: "Ndugu yangu, mimi sikujui. Nilichoona ni taa mbili na kivuli cha mtu anayechukua kitu."

Kambini, gari lako lazima lisomeke. Anayelitazama kwa mbali ajue ni la nani, linakwenda wapi na litafanya nini sekunde inayofuata. Sheria karibu zote za magari utakazosomewa wiki ya kwanza zinatokana na hilo, na ukilishika hutahitaji kukariri kila kifungu. Kila kambi ina amri zake za kudumu, kwa hiyo ninayoandika hapa yakipishana na karatasi ya kambi yako, fuata karatasi.

Tuanze getini, maana wageni wengi hukosea hapo. Usiku, ukibakiza mita hamsini hivi, zima taa kubwa ubaki na ndogo, kisha washa taa ya ndani ili mlinzi aone nyuso na mikono. Shusha kioo, punguza redio iwe kimya kabisa, vua kofia na miwani ya jua. Kitambulisho kiwe mkononi kabla hujafika, wala si kwenye pochi iliyo mfuko wa nyuma chini ya mkanda. Abiria nao watoe vyao. Usimgande aliye mbele yako. Mageti mengi yana vizuizi vya chuma vinavyochomoza kutoka ardhini, na vikiinuka havichagui gari. Subiri gari la mbele lipite kabisa, uitwe, ndipo usogee.

Ikitokea umepotea ukajikuta kwenye foleni ya geti kimakosa, usirudi nyuma na usigeuze. Gari linalogeuka ghafla mbele ya geti halisomeki hata kidogo. Endelea mpaka kwa mlinzi, mwambie umepotea, na yeye atakuonyesha pa kugeuzia. Wanaofanya hivyo ni wengi na hakuna anayewagombeza.

Utaulizwa leseni, kadi ya gari, bima iliyo hai na barua ya kuripoti. Kama gari si lako, beba barua ya mwenyewe yenye sahihi yake na namba ya gari. Gari la kuazima lisilo na barua limewalaza watu wengi nje ya geti kuliko kosa lolote jingine ninalolijua. Halafu linganisha jina la kwenye kadi na la kwenye kitambulisho herufi kwa herufi kabla hujaondoka nyumbani.

Upekuzi wa gari hufanywa kwa kushtukiza, na kuchaguliwa hakuna maana ya kushukiwa. Zima injini, shuka, fungua boneti, buti na milango yote wewe mwenyewe, kisha simama mahali utakapoonyeshwa. Mlinzi atapitisha kioo chini ya gari. Akija na mbwa, usimwite wala kumpapasa, yuko kazini. Kama kuna mtoto amelala kiti cha nyuma, au una kisu cha kazi, kopo la petroli au silaha unayoimiliki kihalali, sema kabla hawajaanza kutafuta. Silaha binafsi ina utaratibu wake wa kusajiliwa na kuhifadhiwa, na mahali pa kuuliza ni kwa simu kabla ya safari.

Wapo wanaoona haya ni usumbufu. Nawaeleza historia. Tarehe 23 Oktoba 1983 mjini Beirut, lori lililojaa milipuko lilivunja uzio likaingia ndani ya jengo walimolala wanajeshi wa Marekani karibu na uwanja wa ndege. Walikufa 241. Dakika chache baadaye jengo la askari wa miamvuli wa Ufaransa nalo likashambuliwa, wakafa 58. Ndiyo maana njia ya kuingilia getini leo imepindapinda kati ya vizuizi vya zege: lori haliwezi kuchukua kasi kwenye kona. Tarehe 25 Juni 1996, huko Khobar nchini Saudia, lori la tanki liliegeshwa nje ya uzio, jirani na jengo la makazi, na waliolileta wakaondoka na gari jingine. Walinzi waliokuwa juu ya paa waliliona, wakatilia shaka, wakaanza kuwatoa watu ndani. Muda haukutosha, na wanajeshi 19 wa Marekani walipoteza maisha, ila wapo waliosalimika kwa sababu macho ya watu wale yalisoma gari vizuri.

Sasa utaelewa kwa nini huruhusiwi kuegesha kando ya uzio, ukutani kwa jengo la makao makuu au karibu na bweni, hata kwa "dakika mbili tu". Gari likiharibika sehemu kama hiyo, washa taa za hatari, fungua boneti, na umpigie askari wa zamu au polisi wa kijeshi kabla hujaanza kuhangaika nalo. Usiliache ukaenda kutafuta fundi. Kambi nyingi pia hukutaka uegeshe kwa kurudi nyuma, pua ikitazama njia. King'ora kikilia saa tisa usiku utaondoka bila kugeuza, na wenzako mia wanaokimbia gizani hawatakuwa nyuma ya gari linalorudi kinyumenyume. Nafasi zenye kibao cha cheo au namba ziache hata kama ziko wazi mwezi mzima.

Ndani ya uzio, mwendo. Sehemu za makazi na mabweni mara nyingi ni kilomita 30 kwa saa au pungufu, na utajisikia kama unatambaa. Lakini kwa kilomita 50 kwa saa gari linakula karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde moja ndiyo inayopita kabla mguu wako haujafika kwenye breki. Barabara ya kambini ina watu wengi kwa miguu kuliko za nje: kuruta waliochoka, watoto wa familia za askari, wapanda baiskeli, na alfajiri vikosi vinavyokimbia.

Kikosi kikiwa barabarani ndicho chenye njia. Kwa mbali utasikia wimbo kabla hujaona watu, kwa hiyo alfajiri endesha na kioo kimeshuka kidogo. Utakutana kwanza na mlinzi wa barabara, askari mmoja mwenye kizibao cha kung'aa anayetangulia mbele au kubaki nyuma ya safu. Akinyoosha mkono, simama, hata kama ana cheo cha chini na wewe unacho kikubwa. Akikuruhusu, pita kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, mita nne hivi kwa sekunde, ukiacha nafasi pana. Usipige honi, na usikate safu hata ikiwa ndefu namna gani. Nimewahi kusimama nyuma ya safu nikaona kijana mmoja wa mstari wa mwisho, kamba ya kiatu imefunguka, akichomoka pembeni ghafla na kupiga goti katikati ya barabara kuifunga. Hakutazama nyuma. Kama ningekuwa nimeanza kulipita lile kundi kwa haraka yangu, nisingekuwa na pa kumkwepea.

Bendera inapopandishwa au kushushwa na tarumbeta kupigwa, kambi nyingi magari husimama. Sogea kando, zima muziki, kaa kimya mpaka sauti iishe. Anayepita mwendo ule ule wakati wengine wote wamesimama anajulikana kambi nzima kufikia jioni.

Magari ya kijeshi yanahitaji woga wa heshima. Kifaru kikubwa cha vita kinaweza kuwa na uzito wa zaidi ya tani 60, na dereva wake amekaa chini mbele akiona kupitia vioo vidogo. Kamanda aliyetokeza juu ndiye macho yake, na usipomwona kamanda, jichukulie kuwa huonekani. Usikisogelee kwa nyuma wala ubavuni, maana kinaweza kuzunguka papo hapo kiliposimama na kitako kikafagia upana wote wa njia. Baada ya vifaru kupita, tope la minyororo huifanya lami iteleze kama sabuni, hasa mvua ikinyesha. Msafara nao usiukate. Katika majeshi mengi gari la kwanza hubeba bendera ya buluu na la mwisho ya kijani, kwa hiyo ukiona ya buluu, kaa kando usubiri mpaka uione ya kijani. Ukijiingiza katikati, dereva wa nyuma yako, ambaye pengine ni mwanafunzi aliyeambiwa asimpoteze aliye mbele yake, atafanya kila njia akupite.

Kama kazi yako itakufikisha uwanja wa ndege wa kambi, hilo ni darasa lake, na hutaingia na gari bila kufundishwa na kupewa kibali. Mimi nilifundishwa na sajini mmoja mtaratibu mno. Kwenye mstari mwekundu, unaotenga eneo la ndege, alisimamisha gari, akachukua bisibisi, akapiga magoti, na kuanza kuchokoa vijiwe kutoka kwenye meno ya tairi, kimoja kimoja, akiviweka kwenye kopo. Tairi nne. Kisha akasukuma gari mbele kidogo ili sehemu iliyokuwa chini itokee, akaanza tena. Nilihesabu vijiwe kumi na saba. Injini ya ndege huvuta hewa kwa nguvu inayoweza kuokota kijiwe lamini, na kijiwe hicho kikikutana na mapanga yanayozunguka, injini imekwisha. Ndege ya Concorde iliyoanguka karibu na Paris tarehe 25 Julai 2000, ikaua watu 113, ilikuwa imekanyaga ukanda wa chuma uliodondoka kutoka ndege nyingine. Tangu siku ya ile bisibisi sijawahi kuvuka mstari bila kukagua. Na taa nyekundu kutoka mnara wa kuongozea ndege ikikuelekea bila kupepesa, simama ulipo. Ikiwa nyekundu inayopepesa, ondoka njia ya kurukia mara moja.

Pikipiki: helmeti, kinga ya macho, glavu, nguo ya mikono mirefu, buti inayopita kifundo, na mara nyingi cheti cha mafunzo. Kambi nyingi abiria wa nyuma anadaiwa vile vile.

Simu isiwe mkononi ukiendesha, na kuna kambi ambako kamera ya kwenye kioo cha mbele hairuhusiwi kupita geti ikiwa inarekodi. Iondoe mapema. Angalia pia programu zinazochora njia unazopita. Novemba 2017 kampuni ya Strava ilichapisha ramani ya dunia ya mazoezi ya watumiaji wake, na Januari 2018 watu wakagundua kwamba inaonyesha mizunguko ya askari ndani ya vituo vya kijeshi, mistari inang'aa katikati ya jangwa. Hao walikuwa wanakimbia tu asubuhi.

Pombe sitaizungumzia sana kwa sababu unajua. Ila fahamu kwamba kosa la barabarani kambini haliishii kwenye faini. Taarifa inakwenda kwa mkuu wako, na unaweza kunyimwa haki ya kuendesha ndani ya uzio wakati bado unadaiwa kuripoti kazini kwa wakati. Ninachotaka uogope zaidi ni usingizi. Ukitoka lindo la usiku kucha, mwili unakudanganya kuwa uko macho kwa sababu kazi imekwisha na unawahi nyumbani. Lala kwa muda wa saa mbili bwenini kwanza, au omba mwenzako akupeleke. Hakuna kiongozi mwenye akili atakayekukatalia, na akikukataza, lala ndani ya gari lilipoegeshwa.

Mgeni unayemwingiza ni mzigo wako. Akikosea njia, akapiga picha, akaegesha pabaya, jina linaloandikwa ni lako. Mpokee getini mwenyewe na umsindikize mpaka atoke.

Mwisho ni stika. Stika au kibali cha kioo kinakwenda na gari lile na mtu yule, pamoja. Nilipohamishwa kituo niliuza gari langu kwa haraka, na stika nikaiacha kiooni. Miezi mitatu baadaye nikapigiwa simu nikiwa mbali: gari "langu" limezuiwa getini likiwa na watu wawili ambao hakuna aliyewafahamu. Walikuwa wanunuzi wa kawaida, wamepotea njia. Lakini walinzi waliona stika halali na nyuso ngeni, na kwa saa kadhaa wale watu walikaa chini ya ulinzi kwa kosa langu. Niliomba radhi kwa simu na bado niliona aibu. Kwa hiyo kabla hujakabidhi funguo kwa mnunuzi, chukua maji ya moto na wembe, loweka ile stika mpaka gundi ilegee, ikwangue yote pamoja na pembe zake, na vipande uvipeleke ofisi ya vibali wavifute kwenye daftari mbele ya macho yako.