Mistari ikipinda, hakuna cha kungoja mtoto wa jicho aive

Dada, acha kabisa hiyo habari ya kungoja. Nimesoma ulivyoandika: bi mkubwa wako hapo Malindi ana miaka 74, jicho la kushoto linaona kingo za mlango zimepinda, mtu akikaa mbele yake anayaona masikio lakini uso haupati, na muuza miwani amewaambia ni mtoto wa jicho, mngoje aive, akatolewe baada ya Ramadhani. Halafu ukauliza vitamini gani, chakula gani na gharama. Nikaweka kikombe cha kahawa chini. Hayo maneno ya "ngoja aive" ndiyo yaliyonila jicho langu la kulia.

Mtoto wa jicho hapindishi mistari. Yeye anatia ukungu jicho zima, rangi zinafifia, taa za usiku zinatawanyika. Mstari ulionyooka ukipinda, au pakatokea doa pale pale unapotazama huku pembeni kuko safi, ubovu uko nyuma ya jicho kwenye makula, sehemu ndogo ya katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Makula ndiyo tunayosomea, kushonea na kutambulia sura za watu. Uzee unaila, na ugonjwa huo madaktari wanauita AMD. Kwa wengi, karibu 9 kati ya 10, inaliwa polepole kwa miaka. Hiyo wanaiita aina kavu. Hao wengine wanapata ile ya majimaji, na hiyo ndiyo nduli. Mishipa midogo mibovu inaota chini ya retina, inavuja maji na damu. Mwenye nyumba ya mawe atanielewa: ukuta ukishaingiwa na maji kwa ndani, plasta inafura na nakshi ya juu yake inapinda. Ikiachwa panakuwa kovu, na kovu la hapo halirudi kuwa retina. Kazi hiyo yaweza kumalizika kwa wiki au miezi. Wewe unazungumzia baada ya Ramadhani!

Mimi ni seremala wa milango, Lamu. Kazi yetu ni kufumba jicho moja na kutazama unyoofu wa mbao. Siku moja nimeshika mwimo wa mbambakofi, nimepiga randa vizuri, nafumba jicho la kushoto natazama kwa la kulia: mwimo una tumbo katikati. Nikapiga randa tena. Tumbo liko pale pale. Nikaweka rula, na rula nayo ina tumbo. Mtu mwenye akili angejua kwamba chuma na mti haviwezi kupinda mahali pamoja saa ile ile. Mimi nikamrudishia muuza mbao mti wake kwa matusi. Maskini akanipa mwingine, nao ukapinda vile vile. (Tumesameheana, ila bei hanipunguzii tena.)

Nikahamia jicho la kushoto, mambo yakanyooka, nikasahau. Hapo ndipo ugonjwa huu unapokudanganya. Ukiwa na macho mawili wazi, zima linamfichia siri mbovu. Unatembea, unaswali, unakunywa kahawa barazani, hujui kwamba upande mmoja nyumba inaungua.

Akaja bwana mmoja na begi lake la miwani, anapima watu macho. Akanimulika kwa tochi ya simu. Tochi ya simu, jamani! Hakunitia matone ya kupanua mboni, hakutazama nyuma ya jicho hata kidogo. "Mzee, mtoto wa jicho huyu, bado mchanga, mwache aive." Akaniuzia matone ya kumyeyusha na miwani juu. Sasa wewe sikiza, kwa sababu na nyinyi mmeambiwa hayo hayo: hakuna matone yanayomyeyusha mtoto wa jicho, na hata huyo mtoto wa jicho wa kweli siku hizi hangojwi aive, anatolewa anapoanza kumsumbua mtu. Kwa hiyo yule bwana alikosea ugonjwa, akakosea dawa, na hata ule ugonjwa aliodhania ni huo hakujua unavyotibiwa. Lakini kalamu mfukoni alikuwa nayo, na mimi nikaona ni daktari.

Nikangoja kusi nzima. Kisingizio changu kilikuwa bahari, kwamba mkondo ni mbaya na sitaki kuvuka kwenda Mokowe, upande wa bara, kupanda basi. Boti zilikuwa zikivuka kila siku na punda wa watu wakipakia mchanga. Kaskazi ilipoingia, doa jeusi lilikuwa limeshakaa kitako. Mjukuu wangu akisimama mbele yangu naona kofia, naona kanzu, katikati hamna mtu.

Mombasa ndiko nilikotiwa matone ya mboni na kupigwa picha ya OCT, inayoonyesha matabaka ya retina kwa mwanga. Unaweka kidevu, unatazama nukta, dakika chache imekwisha, haiumi. Daktari akaigeuza skrini: jicho la kushoto, matabaka ya retina yamelala sawasawa na kibonde chake kidogo katikati, la kulia, kibonde hakuna, pana kilima. Akasema hili ni kovu, angenipata linapovuja angenichoma sindano.

Ndiyo, sindano ndani ya jicho. Najua mamako atakataa. Mwambie kwanza anatiwa ganzi, na nimekaa benchi moja na wengi waliochomwa, wote wanasema ni kusukumwa tu. Inayotumika sana kwa unafuu wa bei ni bevacizumab, iliyoanza kama dawa ya saratani ya utumbo mpana; nyingine ni ranibizumab na aflibercept. Mwanzo huwa kila mwezi, kisha picha ndiyo inayoamua. Akiona afadhali asijiachishe mwenyewe, na jicho likiuma na kuzidi kuwa jekundu baada ya sindano, arudi siku hiyo hiyo.

Kanuni yangu ni moja: jicho moja moja, kila asubuhi, na mstari ukipinda ni safari. Daktari mmoja wa Uswisi, Marc Amsler, alitengeneza karatasi ya vijiraba yenye nukta katikati. Unavaa miwani ya kusomea, unaishika sentimita 30 hivi, unafunika jicho moja, unakodolea nukta. Kijiraba kikipinda au kikipotea, umeshajua. Ukikosa karatasi, daftari la hesabu la mtoto lenye vijiraba litakusaidia. Mimi nahesabu boriti za dari kabla sijatoka kitandani, maana jicho la kushoto lina aina kavu na kavu yaweza kugeuka ikawa ya majimaji.

Vitamini? Ile fomula ya vidonge ya AREDS2, utafiti wa Marekani uliotoa majibu 2013, yenye lutein na zinki, inampunguzia mwenye aina kavu ya kiwango cha kati hatari ya kuzidi. Haizibi mshipa unaovuja. Na mvuta sigara asiguse zile za zamani zenye beta karotini, zinaongeza saratani ya mapafu. Sigara yenyewe ndiyo adui wa makula. Mimi nimeacha, kwa kuchelewa, kama kawaida yangu.

Jingine, asije akawatisha: jicho likishapungua huenda akaona maua ukutani au watu wadogo wadogo wanapita. Mimi niliwaona. Mke wangu akaleta kombe, yale maandishi ya Kurani yaliyooshwa kwa maji, nikalinywa lote. Kumbe ni ubongo unajaza pengo, jambo alilolieleza Charles Bonnet tangu 1760. Hajarogwa, wala akili haijamruka.

Malindi mpaka Mombasa ni kilomita 120 hivi, lami tupu, huna hata boti ya kusingizia. Leo mfunike jicho moja umuulize kingo za mlango, kisha jingine. Ukipiga simu hospitali sema "mistari imepinda ghafla, tunataka daktari wa retina". Usiseme "haoni vizuri", utapewa tarehe ya mbali. Chakula na gharama niulize akishapigwa picha.