Utupu au ombwe? Na je, molekuli "zinatembea"?

Mwalimu mmoja wa sayansi kaniuliza: kwenye noti za wanafunzi ameandika "sauti haipiti kwenye utupu", mwenzake akamkosoa eti lazima iwe "ombwe", halafu akamwambia tena "molekuli zinatembea" ni lugha ya mtaani. Nani yuko sahihi?

Mwalimu, kwenye ombwe namuunga mkono mwenzako. Kwenye kutembea yuko sahihi nusu tu.

Tupu kwetu inategemea ulikuwa unatafuta nini. Chupa tupu ni soda imeisha, mfuko mtupu hauna hela, maneno matupu hayana vitendo, na mtu akiwa utupu hana nguo lakini mwenyewe si yupo hapo hapo? Sasa hiyo chupa ya soda uliyoiita tupu imejaa hewa hadi mdomoni, kila sentimita moja ya ujazo ina molekuli zaidi ya 1 yenye sifuri 19 nyuma yake, na sauti inapita humo bila shida yoyote. Ndo maana neno utupu linampoteza mwanafunzi. Ombwe ni pale molekuli zenyewe zimeondolewa.

Chukua chupa ya chai, ile aliyoibuni mwanasayansi James Dewar mwaka 1892. Ina kuta mbili za kioo na katikati hewa imenyonywa, kwa hiyo joto linakosa molekuli za kulipokea na kulipitisha upande wa pili, chai inabaki moto. Ukishaimwaga chai yote, ndani chupa ni tupu ila ombwe liko ukutani, na lilikuwepo hata chupa ilipokuwa imejaa. Hapo huwezi kubadilishana hayo maneno hata ukitaka.

Ila usimwambie mwanafunzi kwamba ombwe maana yake hakuna kitu kabisaa, kwa sababu hata katikati ya nyota na nyota bado kuna gesi, nyembamba mno, kwa wastani kama atomu moja kwa kila sentimita ya ujazo. Ukitaka kusema hamna hata chembe, andika "ombwe kamili".

Haya, kutembea. Kwenye barafu molekuli za maji zinatetema palepale zilipo, hazihami, kwa hiyo hapo ukiandika "zinatembea" umekosea sayansi wala si lugha. Barafu ikiyeyuka zinatetema na kupishana. Kwenye gesi sasa ndo zinakimbia, molekuli ya nitrojeni kwenye chumba cha kawaida ina spidi ya kama mita 500 kwa sekunde, lakini haifiki mbali maana inagongana na wenzake mara mabilioni kwa sekunde moja na kila ikigongwa inageuzwa njia, na ndo sababu mtu akijipulizia marashi upande ule wa chumba harufu inachukua muda kukufikia. Hapo "zinatembea" sio kosa, ila mimi ningeandika "zinakimbia na kugongana" kwa sababu mwanafunzi anaona picha yote.

Kitu kimoja hukuuliza ila nimekiona kwenye ujumbe wako, mahali umeandika "mamolekuli yanagongana". Ondoa hiyo ma. Molekuli iko ngeli ya I-ZI kama atomu, molekuli inatetema, molekuli zinatetema. Na ile sentensi yako iwe "sauti haipiti kwenye ombwe, kwa sababu hakuna molekuli za kutosha za kuipokezana".