Google na mambo yako binafsi

Mkuu, umeuliza kama ni sawa Google ichanganye majibu na mambo yetu ya mitandaoni. Ukitafuta fundi au mgahawa, sawa, ijue ulipo. Ila ukitafuta dalili za ugonjwa, marafiki zako wanahusikaje? Google walishajaribu: Januari 2012 walianza kupenyeza posti za Google+, mtandao wao wa kijamii, kwenye majibu, Twitter wakalalamika hadharani kwamba wanabanwa. Google+ yenyewe ikafungwa 2019, wala sikuilia.

Wewe ingia kwenye akaunti yako, sehemu ya data na faragha, uzime kumbukumbu za unachotafuta, au uziweke zijifute zikifikisha miezi 3. Kama simu mnachangia na watoto, fanya leo hii.