Mahindi yana milia? Acha urea kwanza

Kuna ndugu yuko Kilosa kanitumia picha ya mahindi yake, majani yana mistari ya njano, anauliza aongeze urea kiasi gani. Ndugu yangu usiongeze hata kisoda. Najibu hapa na wengine wasome maana hili swali haliishi.

Mimi milia naijua vizuri. Msimu ule nililima bondeni kwa maji ya mfereji, wenzangu walishavuna, kijani ilibaki kwangu tu. Muuza pembejeo mmoja akaniuzia mbolea, nikarudi akaniuzia tena, mwisho akaniambia mbele za watu eti mimi mvivu wa palizi. Ile kauli inaniuma mpaka leo. Mahindi yakadumaa, nikaambulia magunzi.

Sasa angalia jani. Mahindi yenye njaa ya mbolea huanza njano majani ya chini, kutokea nchani kuingia katikati. Milia ni kinyume, majani ya zamani yako kijani safi halafu jipya ndo linatoka na vimistari vilivyokatikakatika vimefuata mishipa. Hiyo ni virusi, na anayeileta ni kidudu cha kama milimita 3, Cicadulina mbila, kinaishi kwenye nyasi, kinanyonya utomvu, nyasi zikikauka kinahamia kwenye mahindi machanga. Ukigusa jani kinakimbia kiubavu kama kaa, halafu kinaruka.

Na tusione haya mambo ni ya wazungu huko mbali. Ni Amani, Tanga hapa hapa, miaka ya 1930 mtafiti H. H. Storey alionesha sio vidudu hivyo vyote vinaambukiza, vingine virusi vinakwama kwenye utumbo, akiutoboa kwa sindano navyo vinaanza kuambukiza!

Kwa hiyo panda mapema, mvua za kwanza tu. Panda pamoja na majirani, usibaki kijani peke yako. Tafuta mbegu inayovumilia milia, kama TMV-1 au Staha. Fyeka nyasi pembezoni kabla hujapanda, na nasema tena, panda mapema. Mwaka huu shamba langu halina milia, waliocheka wanapita wanaliona. Wakulima tujifunze kukagua shamba jamani, hela zetu zinaishia dukani bure.

Wewe wa Kilosa, dawa ya kuponya mche ulioshikwa hakuna. Ila kwenye picha naona milia imeanza majani ya juu kabisa na mahindi yameshakuwa makubwa, hayo yatakupa kitu, palilia uendelee. Yale madogo ya pembeni usiyahesabu.