Mhubiri uliyejifunza mwenyewe, mahubiri yako yatungie wimbo

Sikupita chuo cha Biblia. Nilikuwa na Biblia, itifaki (kitabu cha kutafutia maneno ya Biblia yalipo), daftari na saa za usiku. Miaka mingi nilihubiri upande mmoja na kutunga nyimbo upande mwingine: wimbo ukinijia, nauandika tu. Nyingi hazikuimbwa mara ya pili.

Aliyenigeuza ni John Newton. Aliwahi kuwa nahodha wa meli za watumwa, na doa hilo silifuti. Alienda baharini akiwa na miaka 11, Kigiriki na Kiebrania akajifundisha ukubwani, na mwaka 1764 akawa kasisi wa Olney, mji mdogo wa Uingereza. Huko akawa anawatungia waumini nyimbo za kufuatana na mafundisho yake. Wimbo wake Amazing Grace ulikuwa wa ibada ya Januari 1, 1773, somo likiwa 1 Nyakati 17. Usome mstari wa 16, Daudi anapouliza yeye ni nani hata Mungu amfikishe hapo. Wimbo umechipuka pale.

Siku hizi nikimaliza kuandaa mahubiri, natafuta sentensi moja ambayo sitaki mtu aidondoshe njiani. Hiyo ndiyo kiitikio.

Kazi ngumu ni mkazo. Maneno yetu hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho: Bwana, neema, Mwokozi. Tuni za Kizungu za mizani 8-6-8-6, yaani mistari ya silabi nane, sita, nane, sita, huweka pigo zito silabi ya mwisho kabisa, na kanisa zima linajikuta likiimba "bwa-NA". Kuhesabu mizani hakutoshi, ingawa mimi niliamini hivyo muda mrefu. Tamka ubeti bila kuimba, ukipiga makofi. Kofi likiangukia pasipo mkazo, badili neno, au tafuta tuni ambayo mwisho wa mstari ni mwepesi.

Kisha mfundishe mtu asiyejua kusoma, mstari kwa mstari. Akikwama mara mbili mahali pamoja, kosa ni lako.

Niliwahi kuandika "ametufidia", neno nililolipenda mno. Mama mmoja mzee, kila nikimwimbia, yeye alijibu "ametulipia". Silabi ni zile zile sita, mkazo ule ule. Nililing'ang'ania langu majuma mawili. Jumapili ilipofika, mama akaimba la kwake kwa sauti kubwa, benchi lake likamfuata, halafu na wengine wote. Jioni nikafungua daftari, nikafuta.