Anakoroma, na presha haishuki

SWALI: Habari za kazi, madaktari. Mume wangu ana miaka 54. Anameza amlodipini mg 10, losatani mg 100 na haidroklorothiazaidi mg 25, hakosi hata siku moja. Bado asubuhi presha inasoma 160/98. Usiku anakoroma, mara kimya, halafu anashtuka akitweta kama aliyeibuka majini. Kliniki wanataka kumwongezea dawa ya nne. Tukubali? *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Nzuri, dada. Kinachotutia shaka hapo ni ule ukimya kuliko mkoromo wenyewe. Huenda ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini: koo linalegea, njia ya hewa inaziba kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni inashuka, mwili unamwaga adrenalini, mishipa inabana. Ugonjwa ukiwa mkali, hilo hutokea mara 30 na zaidi kwa saa. Presha ya mtu aliyelala hupaswa kushuka. Ya mzee wako huenda inakesha.

Kabla ya dawa ya nne, hakikisheni hicho kipimo ni cha kweli. Zungusha utepe wa fundi cherehani katikati ya mkono wake wa juu. Ukisoma sm 35 na mkanda wa mashine yenu umeandikwa 22–32, presha itasoma juu kuliko ilivyo; tafuteni mkanda mkubwa. Akae dakika 5 ameegemea, apime mara mbili asubuhi kabla ya dawa na mara mbili jioni, kwa siku 7. Namba za siku ya kwanza msizihesabu, zilizobaki tafuteni wastani. Ukiwa 135/85 au zaidi, presha iko juu kweli. Na muulize anameza nini mgongo ukimuuma: diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha, na zikikutana na losatani na dawa ya kukojoza (ndiyo hiyo haidroklorothiazaidi) zinaweza kuumiza figo.

Ombeni pia kipimo cha usingizi. Kipo hata cha kulala nacho nyumbani: mrija mdogo puani, mkanda kifuani, kifaa cha kupima oksijeni kidoleni.

Dawa ya nne yenyewe mara nyingi ni spironolaktoni, mg 12.5 au 25, na kwa mtu kama huyu ina mantiki. Baadhi ya wenye presha sugu, yaani isiyoshuka kwa dawa tatu, wana homoni ya aldosteroni kupita kiasi, ile inayoshikilia chumvi na maji. Maji yaliyotuama miguuni mchana kutwa hupanda shingoni mtu akilala, yakalibana koo. Lakini pamoja na losatani, potasiamu inaweza kupanda hadi kuvuruga mapigo ya moyo. Apimwe potasiamu na kreatinini (kipimo cha figo) kabla ya kuanza, kisha ndani ya wiki 1 hadi 2, na tena baada ya mwezi. Chumvi mbadala ya potasiamu asiiguse. Matiti yakianza kuuma au kuvimba, arudi kliniki abadilishiwe.

Kuhamishia vidonge usiku hakuna miujiza: utafiti wa Uingereza wa watu zaidi ya 21,000, uliotolewa 2022, haukuona tofauti katika kuzuia kiharusi na shambulio la moyo. Dawa ya kukojoza ukimpa usiku, utamwamsha tu.

SWALI: Nimepewa mashine ya CPAP, ile ya kusukuma hewa kwa barakoa ili koo lisizibe usingizini. Mwezi umeisha, presha imeshuka kidogo tu. Niache vidonge? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Usiache. Kwa wastani mashine hushusha presha kwa namba 2 au 3 tu, ingawa wenye presha sugu hupata zaidi. Ukiivaa chini ya saa 4 kwa usiku, usitegemee kitu.

Wengi huivua kwa sababu hewa inavujia machoni, na kosa lao ni kukaza mikanda hadi uso unachorwa mistari. Lala chali, washa mashine, legeza mikanda yote, vuta barakoa mbele kidogo ijae hewa, iache ikae yenyewe. Kisha kaza pande zote mbili kwa pamoja, kidogo kidogo. Ukiamka kinywa kikavu, unalala mdomo wazi. Omba barakoa inayofunika pua na mdomo. Umeme ukikatika, lala ubavu.

SWALI: Mwenye kukatika pumzi hivyo akikosa usingizi, diazepamu inafaa? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Hapana. Inalegeza koo lilelile, na bia mbili za jioni hufanya hivyohivyo.